Jina la Kuazima: Fundi wa Sare wa Mombasa na Watu Waliomfungulia Milango

Mwenye kisa hiki ameridhia kisimuliwe ili wengine wajifunze. Jina lake, mtaa wake, majina ya hoteli na ya watu waliohusika yameondolewa, na baadhi ya tarakimu za biashara yake zimesogezwa kidogo ili asitambulike. Mimi nilikuwa mshauri wake tangu mwanzo, na ushauri wangu mmoja ulimtia hasarani. Huo nao nitauandika.

Usuli

Bi S. alikuwa na miaka 38 tulipokutana. Alijifunza kushona kwa shangazi yake, kisha akafungua kibanda chake hapa kisiwani: cherehani mbili za kawaida, ovaloki (mashine ya kusafishia kingo za nguo) moja ya mtumba na wasaidizi wawili. Kazi yake ilikuwa madera na sare za shule. Kwa hivyo mwaka wake ulikuwa na vilima viwili tu. Cha kwanza ni Desemba hadi Januari, wazazi wanapowatayarisha watoto kurudi shule. Cha pili ni Ramadhani, kila mtu anapotaka nguo mpya ya Idi. Miezi mingine cherehani zilifunikwa shuka mchana kweupe.

Ufundi hakupungukiwa. Nimezishika nguo zake mwenyewe: mshono umenyooka, kola imekaa, ndani pamesafishwa kama nje. Alichokosa ni mteja wa kuagiza mwaka mzima. Mombasa wateja wa namna hiyo wanajulikana walipo: hoteli za Nyali, Bamburi na Shanzu, na zile za ng'ambo ya Likoni mpaka Diani, zahanati za watu binafsi, kampuni za ulinzi, kampuni za mizigo zinazoishi kwa bandari. Hoteli ya wafanyakazi mia moja, kila mmoja akipewa jozi mbili, ni jozi mia mbili. Tena hoteli nyingi hufanya matengenezo yao wakati wa masika, Aprili hadi Juni, wageni wakiwa wachache, ili Julai na Agosti ziwakute tayari. Kazi hiyo ingemwangukia Bi S. kwenye miezi yake mikavu.

Ila ndani ya hoteli hizo hakumjua mtu hata mmoja. Alikwisha jaribu kupeleka barua mara tatu, na mara zote ziliishia kwa askari wa getini.

Miezi sita ya kumbi na kadi

Kila aliyemuuliza alimwambia ajichanganye na watu. Akajichanganya. Alichapisha kadi 500. Akawa anahudhuria mikutano ya wafanyabiashara, semina za wajasiriamali, na vikao vya asubuhi ambavyo kiingilio chake ni bei ya mita tano za kitambaa kizuri. Akashiriki kibanda na mwenzake katika maonyesho ya Mkomani. Akaingia makundi saba ya WhatsApp, akibandika picha za kazi zake kila Jumatatu. Akajiandikisha hata AGPO, mpango wa serikali unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, jambo jema ambalo namhimiza kila anayestahili alifanye. Lakini cheti peke yake hakimleti mnunuzi mlangoni.

Tulipopiga hesabu mwisho wa miezi sita, alikuwa ametumia shilingi 41,000, bila kuhesabu siku alizofunga kibanda. Alikuwa na namba 112 za simu. Kazi alizopata ni mbili: aproni sita za mwenye mgahawa, na kanzu ya mtu aliyekaa naye meza moja.

Nilimwomba tuzipitie zile namba 112 moja moja. Ilituchukua mchana mzima. Tulikuta watu 90 na zaidi walikuwa wauzaji kama yeye: mwenye keki, wa bima, wa kuchapisha fulana, wa sabuni za maji. Kila mmoja alikuja ukumbini akiwa na kadi zake mfukoni, akitafuta wa kumuuzia. Wanunuzi wa hoteli hawakuwa na sababu ya kuwepo pale. Na katika namba zote hizo, hakuna hata mmoja ambaye Bi S. alimpigia tena baada ya wiki ya kwanza. Alipouona ukweli huo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nikikusanya, sikuwa nikijuana na mtu."

Duka la vitambaa

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mahali alipokuwa akipita kwa miaka tisa. Ni duka la vitambaa katika barabara ya Biashara, la mzee mmoja anayemwita Ami kwa heshima. Mzee huyo alikuwa akimwona mara chache kwa mwaka, anakuja, anapimiwa, analipa, anaondoka. Siku hiyo alimwuliza swali lililobadilisha mambo.

"Mwanangu, wewe nakuona Desemba na Shaabani tu. Katikati unakula nini?"

Bi S. akamweleza haja yake, mara ya kwanza kumweleza mtu yeyote pale dukani. Mzee akafikiri. Yeye huuza vitambaa vya sare, drili na poplini, kwa jora, na kwa kuwa anajua nani ananunua jora ngapi za rangi gani, anajua pia ni fundi yupi anayeshonea hoteli ipi, na yupi ameacha kuja. Fundi wa hoteli moja ya pwani ya kaskazini alikuwa amehamia Nairobi. Mzee alikuwa akifahamiana na mama anayesimamia dobi wa hoteli hiyo, kwani ndiye aliyekuwa akija kulinganisha rangi. Akampigia palepale.

Hapa tulifanya uamuzi ambao naamini ndio uliobeba kisa chote. Bi S. alitaka kwenda na kadi, sampuli na bei. Nilimshauri asiuze chochote siku ya kwanza, aende kuomba kuonyeshwa sare zilizoharibika. Sababu yangu ilikuwa nyepesi: msimamizi wa dobi hana mamlaka ya kununua, lakini hakuna mtu hotelini anayejua ubovu wa sare kuliko yeye.

Mama yule alimpeleka nyuma, penye mashine. Akamtolea kikapu cha makoti ya wapishi, akaligeuza moja nje ndani, akamwonyesha. Vifungo vya plastiki vilikuwa vimepasuka katikati, kwa sababu koti hupitishwa kwenye mashine kubwa ya pasi inayobana kwa uzito na moto. Uzi wa pamba ulikuwa umeliwa na dawa ya kung'arisha, kwapa zimefumuka ilhali kitambaa chenyewe bado kizima. Mifuko ilichanika pembeni, pale mpishi anapotumbukiza mkono mara mia kwa siku. Suruali zilikuwa zimenywea kwa vile fundi hakukirowesha kitambaa kabla ya kukikata.

Bi S. aliomba makoti mawili. Aliyarudisha siku ya tatu yakiwa na uzi wa poliesta, pembe za mifuko zimefungwa kwa mshono wa kurudiarudia, na badala ya vifungo vya kushonewa ametia vitundu ili vifungo vitolewe kabla ya kufuliwa. Hakutaka malipo. Mama wa dobi akayafua mara kumi kabla ya kusema neno. Kisha akayapeleka mwenyewe kwa ofisi ya ununuzi.

Agizo la kwanza lilikuwa makoti 12. La pili, jozi 60.

Agizo la sare 140

Miezi minne baadaye mama wa dobi alimtaja Bi S. kwa mwenzake wa hoteli nyingine. Hoteli hiyo ilitaka jozi 140, shati na suruali, kwa wiki tano. Kibanda cha Bi S. kikifanya kazi vizuri hutoa vipande tisa kwa siku. Vipande 280 kwa siku 30 za kazi: hesabu ilikaa sawa karatasini ukisukuma kidogo. Aliniuliza. Nikamwambia akubali, nafasi kama ile haiji mara mbili.

Nilikosea. Sikumwachia hata siku moja ya akiba, na nilisahau kuwa ndani ya wiki hizo kulikuwa na Idi ya kuchinja na wateja wake wa zamani waliokwisha toa vipimo. Umeme ulikatika mtaani siku tatu. Msaidizi mmoja akaugua. Juu ya hayo, hoteli ilimtumia orodha ya majina yenye saizi ndogo, ya kati na kubwa, naye akaona haya kusema kwamba lazima awapime watu kwa mkono wake.

Sare zilifika siku 16 baada ya tarehe. Jozi 22 hazikuwaenea wenyewe.

Kuchelewa kulikuwa kubaya, lakini kuna lililokuwa baya zaidi. Siku nne kabla ya tarehe, alipojua hatawahi, Bi S. aliacha kupokea simu. Hakuwa na nia mbaya. Aliniambia kila simu ikiita tumbo lilimkata, akawa anajiambia atapiga jioni akishona vipande vingine kumi. Kwa siku nne ofisi ya ununuzi ilimtafuta bila kumpata. Ikamtafuta aliyemleta. Mama wa dobi, ambaye hakupata senti katika kazi ile, aliitwa na wakubwa wa hoteli zote mbili kueleza habari za fundi asiyepatikana. Habari zikarudi mpaka dukani kwa Ami.

Kurudisha alichoazimwa

Alipokwenda kwa mzee, alikwenda na deni pia, kwani kitambaa cha kazi ile alikichukua kwa mkopo. Mzee hakumwuliza pesa. Alimwambia:

"Nilikupa jina langu, mwanangu. Ungechelewa ukasema, ningesimama nawe. Ulichelewa ukanyamaza, ukaniacha nisimame peke yangu."

Maneno haya Bi S. aliyaandika nyuma ya daftari lake la vipimo. Ndiyo maelezo bora kabisa niliyowahi kuyasikia ya nini hasa hutokea mtu anapokujulisha kwa mwingine. Huwa tunadhani tumepewa namba ya simu. Tumeazimwa jina, na jina hilo lina mwenyewe, naye ana watu wake wanaomtazama.

Hatua alizochukua zilikuwa tatu na alizifanya ndani ya wiki moja. Alikwenda kwa mama wa dobi kwa miguu yake, nyumbani, siku ya mapumziko, akaomba radhi bila kutaja umeme wala ugonjwa. Alikwenda hotelini, akawapima wale 22 mwenyewe, akawashonea upya kwa gharama yake. Na agizo lililofuata la hoteli ya kwanza, jozi 80, alilikataa, akieleza wazi kwamba kwa mashine alizo nazo hawezi kulimaliza kwa muda uliotakiwa. Mimi niliogopa. Hoteli ikamwongezea wiki tatu.

Kisha akafanya jambo ambalo sikumshauri. Aliwaendea mafundi wanne wa mtaani, watu aliokuwa akigombea nao wateja wa Idi, akawapendekezea wagawane kazi kubwa. Yeye anakata na kukagua, wao wanashona, bei ya kila kipande inajulikana kabla ya mkasi kugusa kitambaa. Wawili walikataa. Wawili wakakubali.

Kipindi hichohicho alipata mtihani wa aina nyingine. Afisa wa ununuzi wa kampuni moja alimwambia kazi ipo, ila atengewe asilimia kumi "ya chai". Watu wengi watakuambia hiyo ndiyo koneksheni yenyewe. Sikubaliani nao hata kidogo. Sheria ya Kenya ya kupambana na hongo ya mwaka 2016 inazigusa kampuni za binafsi pia, si ofisi za serikali peke yake. Ukiacha sheria, mteja uliyemnunua hivyo atauzwa tena kesho kwa atakayetoa asilimia kumi na mbili. Bi S. alikataa na kazi akaikosa. Shukrani yake kwa Ami huitoa waziwazi, kwa kununua dukani kwake. Kwa mama wa dobi, Bi S. huwashonea watoto wa mama huyo sare za shule kila Januari kwa bei ya kitambaa, na mwajiri wa mama huyo analijua hilo kwa sababu Bi S. alilisema mwenyewe.

Hali baada ya mwaka na nusu

Hoteli ya kwanza imeagiza mara nne. Imekuja zahanati moja ya ng'ambo ya Likoni, na kampuni ya ulinzi iliyoletwa na ndugu wa mama wa dobi. Hoteli ya zile jozi 140 haijarudi, na sidhani itarudi.

Mapato yake baada ya gharama yamekaribia maradufu, lakini yanakuja kwa kuchelewa. Ankara moja iliyokuwa ilipwe siku ya 60 ililipwa siku ya 97, na ilimbidi akope kwenye chama chake kuwalipa mafundi. Karibu auze ovaloki. Anayetaka kuwashonea wakubwa ajue mapema kwamba atakuwa anawakopesha wakubwa.

Uchambuzi

Kwanza, kumbi. Singependa msomaji aondoke akidhani ile miezi sita yake ilikuwa bure yote. Katika namba zile 112 kulikuwa na mhasibu mmoja mpole ambaye mwaka uliofuata alimsaidia kuingia eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa ankara wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA. Hilo si dogo: tangu Januari 2024 mnunuzi anayetaka gharama zake zikubaliwe na KRA anahitaji ankara ya mfumo huo, na hoteli zilianza kuwaacha mafundi wasio nayo. Tatizo ni kwamba Bi S. alikwenda ukumbini kutafuta wanunuzi, mahali palipojaa wauzaji. Angekwenda kutafuta wahasibu, mafundi wenzake na watu wa kugawana nao kazi, zile shilingi 41,000 zingemrudishia zaidi.

Pili, nani wa kujuana naye. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Waliosema huonana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki walikuwa asilimia 16.7 tu. Asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Sababu aliyoitoa inaingia akilini hata ukiwa Majengo: watu wako wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mzee wa duka alionana na Bi S. mara tatu au nne kwa mwaka, lakini mbele ya kaunta yake walipita mafundi wote wa sare wa mji huu. Ninapokaa na mfanyabiashara sasa, simwulizi anamjua nani mkubwa. Namwuliza ni nani anayeingia kwa mteja wake kila siku kwa kazi nyingine: dobi, muuza kitambaa, fundi wa mashine, dereva wa mzigo.

Tatu, kuanza kwa kutoa. Makoti mawili ya bure hayakuwa hongo wala ukarimu mtupu. Yalimpa mama wa dobi ushahidi wa kumwezesha kusema "huyu anafaa" bila kujitia hatarini. Mtu mwenye kazi yake hawezi kukutaja kwa wakubwa wake kwa sababu wewe ni mcheshi. Anahitaji kitu cha kuweka mezani.

Nne, daftari. Baada ya msukosuko ule Bi S. alichora kurasa zenye safu tano: nani, alinijulisha nani, aliniambia nini, nimemfanyia nini, nitampigia lini. Ana majina 31 humo, na hataki yazidi 40. Kila Ijumaa baada ya Asri huwapigia watatu. Safu ya pili ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa kila mteja ana jina la mtu pembeni yake, na kazi ikielekea kuchelewa simu ya kwanza inakwenda kwa mtu huyo kabla ya mteja. Ameshapiga simu ya namna hiyo mara mbili, na mara zote mbili tarehe ilisogezwa bila kelele.

Kosa langu mimi lilikuwa kuihesabu nafasi na kutoihesabu siku. Nilizoea kuwasukuma watu wakubali makubwa. Sasa fundi akiniletea agizo, tunagawa uwezo wake wa wiki kwa mbili kwanza, ndipo tunazungumza tarehe.

Mwezi uliopita Ami alimpigia Bi S. Kuna binti ameanza kushona, alisema, mikono yake mizuri, hana pa kuanzia. Binti akaja kibandani na shati moja kwenye mfuko wa karatasi. Bi S. hakuangalia mbele ya shati. Aligeuza kola nje ndani, akaipeleka penye mwanga wa mlango, akaufuata mshono kwa kidole mpaka mwisho, kisha akamrudishia.

"Nishonee mengine matatu, mdogo wangu, uniletee Jumamosi," alimwambia. "Na kama Jumamosi hutawahi, nipigie Alhamisi."